Dakika ya Arobaini na Moja

Sehemu ya saba

"Filamu imetoka kwako, mama."

Ndivyo alivyotamka Hozumi, msaka maharamia, na hapo ndipo tulipomwacha Bi Setsuko Kuwabara Jumamosi iliyopita: amesimama katikati ya ofisi ya Studio Tsurube, ghorofa ya tatu, mtaa wa Takadanobaba, soksi zimelowa mvua, miguu imo ndani ya ndara za wageni zisizomtosha.

"Rudia," alisema.

"Filamu imetoka kwako."

Bi Setsuko hakupiga kelele. Alivuta kiti akaketi. Jambo hilo peke yake lilimshtua Bosi Numata, maana kwa miaka kumi na tisa mama huyu hakuwahi kuketi ofisini mwake kabla ya kukaribishwa.

"Nieleze kama unamweleza mjinga."

Hozumi akatoa kikohozi kidogo. Alikuwa mtu mwembamba, suti ya kijivu, sauti ya daktari wa meno. Kazi yake ilikuwa moja. Kampuni za filamu za watu wazima zilimkodi azisake filamu zao zilizoibwa mtandaoni. Kutwa nzima aliandika barua kwa tovuti za kiharamia: hakimiliki ni ya fulani, ondoeni. Wakiiondoa hapa, inachipuka pale.

"Filamu ya Ruka Amamiya, ile ya nyumba ya chemchemi ya maji ya moto, inaingia madukani keshokutwa Alhamisi," alisema. "Tangu juzi Jumapili ipo kwenye tovuti kumi na nne. Ingekuwa wizi wa kawaida ningeandika barua zangu, basi. Lakini hii wameitoa tupu. Haina ukungu."

Ukungu ndio kazi ya Bi Setsuko. Ni vile viraba vidogo ambavyo sheria inataka vifunike sehemu za siri katika kila filamu ya namna hii, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Bi Setsuko huviweka nyumbani kwake Nerima, picha moja baada ya nyingine, huku majirani wakidhani anahariri filamu za harusi.

"Kabla haijawekwa ukungu, filamu inashikwa na watu wangapi?" Hozumi aliuliza.

"Wawili," alijibu Numata. "Mimi, kwa sababu kamera naishika mwenyewe. Na yeye."

"Na kadi za kamera?"

"Nilizifuta mbele yake siku nilipomkabidhi diski. Ndiyo kanuni yetu. Filamu tupu ni kesi. Inakuwepo moja tu, inakaa kwa mweka ukungu mpaka mzigo uingie madukani, kisha tunaiponda kwa nyundo."

Diski yenyewe, nyeusi, ndogo kuliko kipande cha sabuni, ilikuwa mezani. Bi Setsuko alikuwa ameileta asubuhi ile kama alivyoagizwa.

"Watu wawili, mkuu," alisema mama. "Mbona anayechunguzwa ni mmoja?"

Numata akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

"Nijiibie mwenyewe? Polisi wamenipigia simu jana mara mbili. Ama niwape mwizi, ama mimi ndiye niliyetoa filamu tupu na studio inafungwa. Saa sita kamili nawapigia niwape jina. Sina mpango wa kuwapa la kwangu."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Dakika hamsini tu! Jina la Setsuko Kuwabara likitajwa kituoni, kesho litakuwa gazetini, na kazi yake imeandikwa pembeni. Nani Nerima atamwamini tena? Nani atampa hata kufagia?

"Nataka kuiona," alisema.

"Uione nini? Umeiona mara mia."

"Nimeiona ya kwangu. Nataka kuiona ya mwizi."

Wanaume wawili walitazamana. Bi Setsuko aliliona lile jicho. Lilikuwa fupi mno. Lilikuwa la watu waliokwisha kuafikiana, au la watu wasioaminiana? Hakuweza kujua.

"Ina faida gani, mama?" Hozumi alisema kwa upole.

"Mnanifunga kwa filamu ambayo sijaiona. Hata mwizi wa baiskeli huonyeshwa baiskeli."

Numata akapunga mkono. "Mwonyeshe. Amalize."

Hozumi akageuza kompyuta yake. Bi Setsuko akavaa miwani.

"Peleka dakika ya arobaini na moja."

"Kwa nini hiyo?"

"Peleka tu, baba."

Hozumi akapeleka. Ni pale ambapo Ruka anatoka kwenye bwawa la maji ya moto, mvuke umetanda, maji yanamchuruzika. Numata alikohoa na kutazama dirishani, maana hata watu wa kazi hii huona haya kutazama pamoja na mwanamke mwenye umri wa mama zao. Bi Setsuko hakuona haya yoyote. Alitazama kama fundi saa anavyotazama saa.

Akaona.

Hakuna kovu!

Msomaji, nikurudishe Aprili. Bi Setsuko alipokuwa akiiweka ukungu sehemu hii, aliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, hata Numata aliyeshika kamera katikati ya mvuke ule. Maji ya moto yalikuwa yameosha poda ya mwilini. Chini ya tumbo la Ruka palikuwa na mstari mmoja mwembamba uliolala. Bi Setsuko hakuhitaji kuambiwa. Anao kama huo. Ni kovu la kupasuliwa kwa ajili ya kujifungua.

Ruka Amamiya, ambaye studio inamtangaza kuwa msichana asiyewahi kuwa hata na mchumba!

Siku ile Bi Setsuko hakumwambia mtu. Aliongeza viraba vyake, akavipandisha vidole viwili juu ya pale sheria inapotaka, akalifunika kovu. Ilikuwa ni siri ya mwanamke, akaifunika, basi.

Na sasa, katika filamu ya mwizi, inayodaiwa kuwa ndiyo ile tupu ya awali, mahali pale palikuwa laini kama yai lililomenywa.

Maana yake ni moja. Mwizi hakuwahi kuwa na filamu tupu. Alichukua iliyokwisha kuwekwa ukungu, akaipa mashine, mashine ikabuni kilichopo chini ya viraba. Imechora mwili wa kubuni! Na mashine haikujua habari ya kovu.

"Mkuu," Bi Setsuko alianza, "hii siyo..."

Mlango ukafunguliwa.

"Samahani kwa kuchelewa."

Alikuwa Ruka mwenyewe. Koti la mvua la rangi ya haradali, barakoa usoni, nywele zimefungwa kama za mtu anayekwenda sokoni. Numata alikuwa amemwita aje kugonga muhuri kwenye hati ya malalamiko.

"Siyo nini?" Numata aliuliza.

Bi Setsuko akamtazama Ruka. Akafunga mdomo.

"Siyo nini, mama?"

"Siyo adabu kumwacha mgeni bila chai," alisema.

"Kumbe hata mwizi ana adabu," Numata akacheka. "Haya, tuletee ya shayiri, baridi. Ya kwangu usiiwekee sumu."

Jiko la ofisi lilikuwa kama kabati lenye bomba. Ruka akamfuata, kwa kuwa ni desturi mdogo amsaidie mkubwa kubeba bilauri. Bi Setsuko akausukuma mlango kwa kisigino.

"Mwanangu, una mtoto?"

Bilauri ikagonga sinki. Haikuvunjika.

"Nani kakwambia?"

"Kazi yangu. Nimekuona dakika ya arobaini na moja."

Ruka akavua barakoa. Uso wote ulikuwa umebadilika rangi.

"Kwa hiyo ni kweli. Ni wewe uliyevujisha. Sasa unataka nini, shangazi? Sema bei yako tumalizane."

"Punguza sauti. Ningekuwa nataka kukuuza ningefunika?"

"Ulifunika?"

"Vidole viwili zaidi ya sheria. Nenda kaitazame ya madukani."

Ruka akaegemea friji. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa mara ya kwanza alionekana nayo.

"Ana miaka minne," alisema. "Yuko mbali, Akita, kwa mama yangu. Anajua nauza vipodozi kwenye duka kubwa. Mama naye anajua hivyo hivyo."

"Bosi hajui?"

"Bosi!" Ruka alicheka bila kucheka. "Shangazi, wewe unamjua huyu mtu kuliko mimi. Akijua leo, kesho nina jina jipya na kava jipya. 'Mama Kijana.' Picha yangu kila kituo cha treni mpaka Akita. Yule haoni siri, anaona tangazo."

Bi Setsuko hakubisha. Ndivyo Numata alivyo.

"Kovu hilo ndilo linaloniokoa," alisema polepole. "Halimo katika filamu ya mwizi. Nikilitaja, natoka hapa msafi."

"Na mimi?"

Bomba lilidondosha tone. Nje, sauti ya Numata ilisikika ikiuliza kama chai inaletwa na meli.

"Nakuomba," Ruka alisema, akainama mpaka nywele zikagusa sinki. "Sina haki ya kukuomba. Lakini nakuomba."

"Inuka. Utalowa."

Bi Setsuko alijaza bilauri nne. Chai ya shayiri ilikuwa imetoka kwenye friji, na Juni hii kila kitu baridi kinatoka jasho. Tone moja lilizaliwa juu ya bilauri, likateremka kwenye kioo, likafika kwenye kidole chake.

Akalitazama lile tone mpaka Ruka akaogopa.

"Shangazi?"

"Beba hizo mbili," alisema Bi Setsuko. "Na usiseme lolote."

Walirudi saa tano na dakika thelathini na tano. Hozumi alikuwa amehamia upande wa pili wa meza. Bi Setsuko aliliona hilo. Aliliona pia tabasamu lake, ambalo halikuwepo mwanzo.

"Rudisha dakika ile," alisema mama. "Polepole, picha moja moja. Na nyinyi wawili mtazame tone, msitazame kitu kingine."

"Tone gani?"

"Linaloanzia begani. Hilo. Lifuateni."

Wakalifuata. Tone liliteremka begani, likapita ubavuni, likafika tumboni, likateremka vidole viwili, vitatu...

Likapotea.

"Limekwenda wapi?" aliuliza Numata.

"Rudia na jingine."

Tone la pili likateremka. Lilipofika mstari ule ule, likapotea kana kwamba limeanguka shimoni. La tatu, vivyo hivyo. Chini yake ngozi ilikuwa kavu kama ya mtu aliyekaa juani, na huku mwanamke anatoka majini!

Numata alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Hapo yanapofia," alisema Bi Setsuko, "ndipo viraba vyangu vilipoanzia. Mashine imebuni ngozi, imesahau kubuni maji. Hii siyo filamu tupu, mkuu. Ni yangu, iliyokamilika, imekwanguliwa ukungu na kupakwa rangi. Mwizi hakuwahi kuigusa diski hii."

Numata alikuwa mtu wa vituko, lakini kamera aliijua. Akaketi.

"Mama," alisema, "nimekutukana asubuhi nzima."

"Umenitukana tangu jana kwenye simu."

"Basi tangu jana." Akageuka polepole. "Hozumi. Iliyokamilika, kabla ya Alhamisi, ilikuwa na nani?"

"Wakaguzi," alijibu Hozumi. "Kiwanda cha kunakili."

"Na?"

"Na mimi, bila shaka. Mnanipa mapema ili mashine zangu ziitambue zikiikuta mtandaoni. Ndiyo kazi mliyonipa."

"Ukiikuta mtandaoni ndipo unapokula," alisema Bi Setsuko.

"Mama ana maneno leo."

"Nilikuwa nimeyaweka akiba."

Ruka alicheka, kisha akajizuia. Numata hakucheka. Alikuwa akimtazama yule mwembamba kama vile ndiyo kwanza amemwona.

Jamani, ilikuwa imebaki robo saa, na mama wa watu alikuwa amekwisha kuokoka! Angenyanyuka hapo hapo, avae viatu, achukue mwavuli wake mlangoni, aende Nerima akale tambi zake kwa amani.

Lakini Hozumi hakutetereka hata kidogo. Alikunywa chai. Akaweka bilauri chini.

"Ni hoja nzuri sana," alisema. "Nitaiandika kwenye ripoti. Ila polisi hawatakubali tone la maji kwa neno la mshukiwa. Watataka kulinganisha. Filamu tupu hii hapa mezani. Tufungue dakika hiyo hiyo, tuone kama maji yanapita. Yakipita, Bi Kuwabara ni msafi, na mimi nichunguzwe. Sekunde kumi tu."

"Haki kabisa," alisema Numata, akanyoosha mkono kuichukua diski.

Mkono wa Bi Setsuko ulifika kwanza.

"Tulinganishe dakika nyingine."

"Kwa nini?" aliuliza Hozumi. "Umeichagua wewe mwenyewe. Nilikuuliza kwa nini hiyo, ukaniambia nipeleke tu."

Kosa lilikuwa lake. Dakika ile ameitaja kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, kabla hajajua atakachokiona. Na katika filamu tupu, katika dakika ile, maji yanapita vizuri sana. Yanapita juu ya kovu.

"Mama," Numata alisema, na ile sauti ya asubuhi ilikuwa imerudi, "nipe diski."

"Filamu tupu haitazamwi na mtu wa tatu, mkuu. Ni kanuni yako."

"Kanuni yangu naivunja mwenyewe. Nipe."

"Una nini humo usichotaka tukione?" Hozumi aliuliza polepole.

Ruka alikuwa amesimama kando ya mlango wa jiko, koti la haradali limefungwa mpaka shingoni. Alimtazama tu Bi Setsuko.

Saa sita kasoro dakika nne.

Bi Setsuko alifikiri nini? Wengine wangesema alifikiri habari za binti yake. Hana binti, mtoto wake ni wa kiume. Nadhani alifikiri habari za kazi yake. Miaka kumi na tisa amelipwa kufunika. Hajawahi kufunua.

Akainuka. Akatembea hatua nne na ndara zake zisizomtosha. Akafungua dirisha, mvua ikaingia ofisini, na chini kabisa mto Kanda ulikuwa umejaa, wa rangi ya kahawia, ukikimbia kati ya kuta zake za saruji.

"Mama!" Numata alipiga kelele.

Akaitupa.

Hata mlio wa maji haukusikika.

"Una kichaa?" Numata alikuwa amemshika bega. "Ulikuwa umeshinda! Ulikuwa umeshinda, mwanamke wee! Ushahidi wako mwenyewe!"

"Nimekuondolea kazi ya nyundo," alisema Bi Setsuko. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Basi umejitia kitanzi mwenyewe. Nani ataamini sasa?" Numata alinyakua simu ya mezani, akabonyeza namba. "Nimekutetea nusu saa nzima, nusu saa! Haloo? Kituo? Hapa ni Studio Tsurube. Nina jina."

"Bosi," alisema Hozumi.

"Subiri."

"Huna haja ya kuhamaki. Diski imekwenda, filamu ipo."

Alifungua kiganja. Katikati yake kulikuwa na kijiti kidogo cha kumbukumbu, kipana kama ukucha.

"Akina mama walipokuwa jikoni na wewe ukiwa chooni, nilinakili. Tahadhari tu, mambo ya kazi. Nimepitisha macho kidogo." Akatabasamu lile tabasamu lake. "Mama alikuwa na haki ya kuchagua dakika ya arobaini na moja. Ina mambo."

Aliyasema maneno hayo kwa Numata. Lakini macho yake hayakuwa kwa Numata, wala kwa Bi Setsuko.

Ruka alijua amejulikana. Na mkono wake, bila ya yeye kuutuma, ukashuka juu ya koti la haradali, ukatulia chini ya tumbo, ukafunika mahali pamoja tu.

Bi Setsuko alitaka kumpigia kelele autoe. Alikuwa amechelewa. Numata ni mtu wa kamera. Alikuwa ameuona ule mkono unaposhuka na mahali ulipotua, na macho yake yalianza kufunguka taratibu, kama mtu anayesoma kava la filamu ambayo bado haijatengenezwa.

"Haloo?" sauti ya polisi iliita simuni. "Studio Tsurube? Jina la mtuhumiwa ni nani?"

Simu ikiwa sikioni, Numata alianza kutabasamu.